Jina la Bibi Halikubadilishwa Bandarini

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nimeolewa California katika familia yenye asili ya Japani. Mama mkwe wangu anasema bibi yake mzaa mama alikuja San Francisco mwaka wa 4 wa enzi ya Taisho katika kalenda ya Japani, yaani 1915, akiwa mke wa picha: aliolewa na mwanamume ambaye hakuwahi kumwona isipokuwa pichani. Familia inasimulia kwamba alisafiri kwa meli iitwayo Taiyo Maru, ambayo kadi yake ya posta tunayo mpaka leo. Kwamba maofisa wa uhamiaji wa Angel Island, kisiwa kilicho katika ghuba ya San Francisco, walimfungia siku kadhaa na kumbadilishia jina la ukoo kwa sababu hawakuweza kulitamka. Na kwamba wakati huo alikuwa na miaka 22. Nimelitafuta jina lake la usichana katika orodha za abiria na sikupata kitu. Nilipotumia ukoo wa mumewe nikapata wanawake wawili wa mwaka huo wenye jina lake la kwanza: mmoja wa miaka 20, aliyekuja kwa Tenyo Maru, na mwingine wa miaka 22, aliyekuja kwa Siberia, wote kabla ya Oktoba. Kaburi la bibi linasema alizaliwa Novemba, mwaka wa 27 wa enzi ya Meiji. Je, rekodi zimepotea, au wazee walikosea? Watoto wangu wanauliza, nami ningependa kuwapa jibu la kweli."

Marahaba, mwanangu, na hongera kwa kuibeba kazi ambayo wengi waliozaliwa ndani ya familia za namna hiyo huiahirisha mpaka wazee wanaokumbuka wamekwisha. Wasiwasi wako nauelewa hivi: unaona masimulizi ya nyumbani upande mmoja na karatasi upande mwingine, havipatani, na unaogopa kwamba lazima kimojawapo kiwe cha uongo. Mimi sioni uongo hapo. Naona mambo ya kweli yaliyohama mahali pake. Jina la bibi lilibadilika kweli, lakini halikubadilishwa na ofisa wa Marekani. Lilibadilika Japani kwenyewe, katika ofisi ya kijiji, miezi mingi kabla hajapanda meli. Ukilishika hilo, sehemu kubwa ya fumbo lako inafunguka.

Tuanze na ndoa yenyewe. Kwa maelewano ya serikali za Japani na Marekani ya mwaka 1907 na 1908, Japani iliacha kuwapa vibarua wapya hati za kusafiria za kwenda Marekani bara, ila iliendelea kuwaruhusu wazazi, wake na watoto wa wale waliokwisha kuhamia huko. Mwanamume aliyekuwa akichuma matunda katika mashamba ya California hakuweza kwa urahisi kuacha kazi na kulipa nauli ya kwenda na kurudi ili aoe kwao. Hivyo mshenga alitafutwa, picha zikavuka bahari kila upande, familia mbili zikachunguzana, na makubaliano yalipofikiwa ndoa ikaandikishwa katika daftari la kaya liitwalo koseki. Kwa sheria ya Japani ya wakati huo, kuandikishwa ndiko kulikotimiza ndoa, hata kama bwana harusi alikuwa ng'ambo. Sheria ya kiraia ya mwaka 1898 ilitaka mke aingie katika kaya ya mumewe na kuchukua jina la kaya hiyo, na mke wa picha alitakiwa awe amekaa katika daftari la mumewe kwa miezi sita kabla ya kupewa hati ya kusafiria. Kwa hiyo siku bibi aliposhika tiketi yake, hati yake ilikuwa na ukoo wa mume, na orodha ya abiria ikafuata hati. Jina la usichana ulilokuwa ukilitafuta halikupotea. Halikuwahi kuandikwa humo.

Kuhusu maofisa, hadithi ya mtu wa uhamiaji anayeshindwa kulitamka jina la mgeni na kumwandikia jingine inasimuliwa pia katika familia za Kiitaliano na za Kiyahudi zilizopitia kituo cha uhamiaji cha Ellis Island, New York, na haipatani na namna kazi ilivyofanywa. Sheria iliiwajibisha kampuni ya meli kuandaa orodha ya abiria, na makarani waliijaza upande wa kuondokea, bandarini Kobe au Yokohama, wakitumia hati zilizokuwa mbele yao. Meli ilipofika, ofisa alipokea orodha iliyokwisha kuandikwa, akauliza maswali kwa msaada wa mkalimani, kisha akaweka alama na mihuri yake. Wajibu wake ulikuwa kuhakikisha kwamba mtu aliyesimama mbele yake ndiye aliyeandikwa, na kumpa jina jipya kungeivuruga kazi hiyohiyo. Kilichoyumba ni tahajia. Mwanamke aliyeitwa Haru angeweza kuandikwa Haru au Oharu, kwa kuwa "O" ya mbele ilikuwa ya heshima, na miaka mingi baadaye akaonekana kwenye cheti au kaburini kama Haruko, kwa kuwa baadhi ya wanawake wa rika lake waliiongeza "ko" baadaye maishani. Ukoo wa Ota unaweza kuandikwa Ohta au Oota. Ongeza hapo watu wa siku hizi walioziingiza orodha hizo katika kompyuta bila kuujua mwandiko wa zamani, wakasoma "n" mahali pa "u", na utaelewa kwa nini inafaa kutafuta kwa herufi chache za mwanzo pamoja na mwaka na bandari, badala ya kutafuta jina kamili.

Nadhani najua, hata hivyo, kwa nini lawama ilikwenda kwa Angel Island. Hapo ndipo msichana aliyekulia kwa jina moja alipoitwa kwa jina jingine mbele ya watu wenye mamlaka, akalazimika kuitika, na siku hiyohiyo au siku chache baadaye akamwona mwenye jina hilo kwa mara ya kwanza. Si ajabu kwamba katika kumbukumbu yake kubadilika kwa jina kulikaa pale kisiwani.

Sasa meli. Taiyo Maru haikuweza kumleta mtu San Francisco mwaka 1915, kwa sababu wakati huo ilikuwa bado meli ya Kijerumani yenye jina Cap Finisterre, iliyozinduliwa mwaka 1911 kwa ajili ya safari za Amerika Kusini. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ilikabidhiwa Japani, na mwaka 1921 ndipo ilipoanza kuvuka Pasifiki chini ya kampuni ya Toyo Kisen Kaisha. Meli kubwa za kampuni hiyo zilizokuwa zikifika San Francisco mwaka 1915 ni Tenyo Maru na Chiyo Maru, zote za 1908, na Shinyo Maru ya 1911, kila moja ya zaidi ya tani 13,000. Majina haya matatu, pamoja na Taiyo, yanafanana kiasi cha kumchanganya yeyote asiyezungumza Kijapani. Siberia nayo ilikuwa meli ya Kimarekani ya kampuni ya Pacific Mail, iliyofanya njia hiyohiyo mpaka kampuni ilipouza meli zake kubwa za Pasifiki mwaka huo wa 1915. Kwa hiyo wanawake wako wote wawili wamo katika meli zinazowezekana kabisa.

Lakini usiitupe kadi ya posta. Wanawake wengi wa kizazi chake walirudi Japani kwa ziara katika miaka ya 1920 na 1930, mara nyingi wakiwa na watoto waliotaka kuwaonyesha kwa wazazi wao, na kadi kama hiyo ndiyo abiria alikuwa akiichukua melini. Itazame kwa makini uone jina la kampuni lililochapishwa. Likiwa Toyo Kisen Kaisha, kadi ni ya kati ya 1921 na 1926. Likiwa Nippon Yusen Kaisha, ni ya 1926 au baadaye, maana mwaka huo huduma ya meli za abiria ya kampuni ya kwanza iliunganishwa na ya pili. Kisha mtafute bibi tena katika orodha za miaka hiyo, akirejea na watoto. Orodha ya safari ya pili ni rahisi kuitambua kuliko ya kwanza, kwa sababu ina majina ya watoto ambayo mama mkwe wako anayajua.

Suala la umri ni jepesi likishaelezwa. Mwaka wa 27 wa Meiji ni 1894. Kwa hesabu ya kimagharibi, mtu aliyezaliwa Novemba 1894 alikuwa na miaka 20 katika mwaka 1915 mpaka Novemba ilipofika. Kwa hesabu ya zamani ya Kijapani, mtoto alihesabiwa mwaka mmoja siku aliyozaliwa, na kila Mwaka Mpya ulipoingia aliongezewa mwingine, hata kama amezaliwa mwezi mmoja tu kabla. Kwa hesabu hiyo, mwaka 1915 bibi alikuwa na miaka 22. Familia imesema kweli, na mwenye miaka 20 anaweza kuwa ni yeye, na mwenye 22 pia anaweza kuwa ni yeye, kutegemea karani alichoambiwa. Umri peke yake hautakuamulia.

Kabla ya kukuambia kitakachoamua, niseme kidogo juu ya safari, kwa kuwa watoto wako wataiuliza, na kwa kuwa tarehe zake zina mtego. Safari haikuanza melini. Wahamiaji wa daraja la tatu walifikia kwanza katika nyumba za wageni zilizowahudumia wao maalumu huko Kobe na Yokohama, wakapimwa macho kwa ajili ya vikope na choo kwa ajili ya minyoo ya safura; aliyekutwa na ugonjwa alibaki akitibiwa mpaka apone, huku meli aliyokusudia ikiondoka. Ndiyo maana kati ya tarehe ya hati ya kusafiria na tarehe ya kuondoka panaweza kuwa na wiki nyingi, na pengo hilo lisikutie shaka. Baada ya hapo meli ilishika njia ya Honolulu, na wale waliokuwa na tiketi za San Francisco wakaendelea nayo. Kutoka Yokohama mpaka San Francisco zilipita kama siku 17. Abiria wa daraja la kwanza walikuwa na kumbi zilizopambwa na vyumba vyao wenyewe. Bibi alikuwa chini, katika vitanda vilivyopandana ndani ya sehemu za pamoja, akila wali, akisumbuliwa na kichefuchefu, pembeni yake kasha lake la fito za mti zilizosukwa, lenye kimono na zawadi za nyumbani, na bila shaka ile picha. Njiani kati ya Yokohama na Honolulu meli ilivuka mstari wa kubadilisha tarehe, na kwa kuwa ilikuwa ikielekea mashariki, siku moja ilihesabiwa mara mbili. Ukiona tarehe ya kuondoka ni ya 10 na ya kufika ni ya 26, usitoe tu 10 katika 26; siku halisi zilizopita ni 17. Nimeona watu wakikataa rekodi sahihi kwa sababu ya siku hiyo moja.

Kufungiwa nako ni kweli. Kituo cha uhamiaji cha Angel Island kilifunguliwa Januari 1910, na kufikia 1915 ndicho kilichowapokea abiria wa daraja la tatu waliotoka Asia, huku wengi wa daraja la kwanza wakikaguliwa melini na kushukia mjini moja kwa moja. Daraja la tatu walivushwa kwa kivuko mpaka kisiwani, wanaume mbali na wanawake, wakapimwa tena, maana safura ilikuwa sababu ya kuzuiwa kuingia nchini mpaka mtu atibiwe. Wake wa picha walisubiri pia waume zao waje na hati za kuthibitisha ndoa na uwezo wa kuwatunza. Kwa Wajapani hilo lilichukua kwa kawaida siku chache. Wachina, waliobanwa na sheria kali zaidi, waliweza kukaa wiki na hata miezi, na mashairi waliyoyachonga katika kuta za mbao yapo mpaka leo.

Hapa pana jambo linalokupa faida ambayo pengine hukuitarajia. Mpaka mwaka 1917 maofisa wa Marekani hawakuitambua ndoa ya picha kuwa ndoa kamili, hivyo wengi walifungishwa ndoa upya mara tu baada ya kufika, wakati mwingine jozi kadhaa kwa pamoja, kwa sherehe fupi. Ikiwa bibi aliingia mwaka 1915, inawezekana sana kwamba ndoa yake imeandikwa pia katika rekodi za ndoa za San Francisco, siku chache baada ya meli kutia nanga. Linganisha tarehe ya ndoa hiyo na tarehe za kufika kwa Tenyo Maru na Siberia.

Sasa hicho kitakachoamua. Orodha ya abiria ya 1915 ina kurasa mbili zinazotazamana, na kosa ninalolikuta mara kwa mara ni mtu kuchapisha ukurasa wa kushoto tu, ule wenye jina na umri, akaridhika. Kushoto utakuta pia kazi, uwezo wa kusoma na kuandika, makazi ya mwisho, na jina na anwani ya ndugu wa karibu aliyeachwa Japani. Ndugu huyo akiwa ni baba yake mzazi, mwanangu, hapo ndipo ukoo wa usichana unapoonekana, mstari huohuo, safu chache kulia kwa jina lake. Fungua kisha ukurasa wa kulia. Utasoma nani alilipa nauli, kama ana dola 50 na kama hana basi ana kiasi gani, anakwenda kwa nani na huyo mtu anaishi wapi, kama amewahi kufungwa, afya yake, urefu wake kwa futi na inchi, rangi ya nywele na macho, alama za mwilini, na mwishoni mahali alipozaliwa. Jina la mume na mji anakoishi, pamoja na mkoa na kijiji cha kuzaliwa, vitawatenganisha wanawake wako wawili bila ubishi. Mimi naelekea kwa yule wa Tenyo Maru kwa sababu ya kufanana kwa jina na Taiyo, lakini ni kuelekea tu. Usimwandike katika mti wa ukoo kabla hujausoma ukurasa wa kulia.

Ikitokea kwamba ukurasa huo haukati shauri, au wote wawili si yeye, nenda mbele katika maisha yake kisha urudi nyuma. Wajapani waliozaliwa Japani hawakuruhusiwa kuwa raia wa Marekani kwa kujiandikisha mpaka sheria ya 1952, na mwaka 1940 kila mgeni asiye raia mwenye umri wa miaka 14 na zaidi alitakiwa kujisajili na kuchukuliwa alama za vidole. Ikiwa bibi alikuwa hai mwaka huo, basi fomu yake ilijazwa, nayo iliuliza alifika lini mara ya kwanza, na mara ya mwisho aliingia kwa bandari gani na kwa meli gani. Natarajia fomu hiyo imtaje 1915 upande mmoja na pengine Taiyo Maru upande mwingine, na kuimaliza hoja yako yote kwa karatasi moja. Nakala huombwa kwa idara ya uhamiaji ya Marekani kupitia kitengo chake cha historia za familia. Kuna ada, na subira inahitajika. Faili lake la mgeni, likiwapo, linaweza kuwa na zaidi: picha, maombi ya kibali cha kurudi nchini kilichohitajika baada ya sheria ya 1924, na karatasi za uraia kama aliuchukua baada ya 1952.

Yapo mambo ambayo hayafanyiki kwa kukaa mbele ya kompyuta. Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka ya Marekani ina tawi lake San Bruno, kusini mwa San Francisco, na huko ndiko yaliko mafaili ya mahojiano ya waliopitia Angel Island. Si kila mhamiaji ana faili, na la Mjapani ni haba kuliko la Mchina, lakini lililopo huwa na maneno ya mhojiwa mwenyewe. Waandikie kwanza, uwape jina, meli na tarehe, kisha uende kwa miadi. Nenda pia kaburini na mtu anayesoma Kijapani, kwa sababu makaburi ya wahamiaji wa kizazi cha kwanza mara nyingi yamechongwa mkoa na kijiji cha asili, na pengine umesoma tarehe tu kwa kuwa ndiyo uliyotafsiriwa.

Kijiji kikishajulikana, koseki inaweza kuombwa katika ofisi ya mji unaokisimamia leo. Hapo wewe huwezi kuomba kwa jina lako. Anayestahili ni mzao wa moja kwa moja, yaani mama mkwe wako au mume wako, akiambatisha vyeti vinavyounganisha kizazi kwa kizazi. Mwandiko wa enzi ya Meiji huwashinda hata Wajapani wengi wa leo, kwa hiyo tenga fedha za mtu mwenye ujuzi wa kuusoma. Baadhi ya madaftari yalishafutwa muda wake wa kuhifadhiwa ulipokwisha, na mengine yaliteketea vitani, hususan ya Okinawa, hivyo jibu la "hakuna" halitakuwa dharau.

Na kabla ya kuomba koseki, kaa na mama mkwe wako umweleze yanayoweza kuonekana humo: ndoa iliyotangulia, mtoto aliyefariki akiwa mchanga, kuasiliwa katika kaya nyingine. Hayo ni ya familia yake kabla hayajawa ya watoto wako. Akikubali, yeye ndiye atie sahihi ombi, nawe uandae bahasha. Ukurasa wa kulia wa orodha ya abiria hauhitaji ruhusa ya mtu; ufungue hata leo usiku.